Mtamba Aliyeitwa Istanbul

Kinywa changu hakikuumbwa kwa kunyamaza. Mama yangu alikuwa akisema nilianza kulia kabla mkunga hajanishika sawasawa, na kwamba tangu siku hiyo sijapumzika. Pale Birongo nilikokulia, siku za soko, wanawake waliouza ndizi walinipa moja mbivu ili nisogee nikawasumbue wengine. Basi fikiria ilivyokuwa kwa mtu wa namna hiyo kuolewa katika boma la baba mkwe wangu, upande wa Ikonge, ambako hata mbwa walifikiri kwanza kabla ya kubweka.

Simlaumu mtu. Kwetu Wagusii kuna kitu kinachoitwa ensoni. Ukitaka kukieleza kwa Kiswahili utasema ni aibu, lakini si aibu ya mtu aliyekosa. Ni heshima iliyojengewa ukuta. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mikono. Hawali pamoja. Yeye haingii katika nyumba ya mwanawe, na mke wa mwana hasimami mbele yake akamtazama usoni na kuanza kumpa maneno. Kukiwa na jambo, linapitia kwa mama mkwe, au linasemwa hewani kana kwamba unawaambia kuku. "Mvua inakuja, na wimbi la kusaga unga bado liko nje," nilikuwa nikiwaambia kuku. Upande wa pili wa ua ningesikia omogaka akiinuka kwenye kiti chake kwenda kuanua wimbi. Omogaka ni mzee, na ndivyo sote pale bomani tulivyomtaja.

Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu wa kofia ya pama na koti lililopigwa pasi hata siku ya kuchuma chai. Kanisani kwao Waadventista alikuwa mzee wa kanisa. Chai yake ilijaa mteremko mzima, na hakuwahi kuionja, kwa sababu kanisa lilikataza. Nilimsikia siku moja akimwambia karani wa kituo cha kununulia chai, "Mimi nachuma, dunia ikunywe."

Mimi pia nilikuwa mwalimu. Nilifundisha watoto wadogo, wale wa kufutwa kamasi kabla ya kufundishwa irabu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini watu wa upande wetu walijenga shule ya upili ya harambee, kila boma likileta mawe, mbao au kuku wa kuuza. Kamati ikatafuta mwalimu wa Historia. Mimi somo hilo nilikuwa nimelifaulu vizuri nikiwa msichana, na nililipenda kuliko nilivyopenda usingizi. Mwenyekiti akasema wanipe mimi.

Mkaguzi wa shule hakukataa, lakini aliweka sharti. Mtaala mpya ulikuwa umeingiza historia na utamaduni wa Waturuki, na katika Kisii nzima hakuna mwalimu aliyejua lolote juu yao. Wakati wa likizo ya Agosti kungekuwa na semina kilimani Nyanchwa. Atakayehudhuria yote, na mwishoni akafundisha somo moja mbele ya washiriki wote, angeruhusiwa kulifundisha katika shule ya upili. Atakayeshindwa angerudi kwa kamasi zake. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi Kericho, aliniambia, "Nenda. Wewe ukikosa mahali pa kusemea utaniua mimi."

Nikapanda Nyanchwa na kisanduku changu cha bati, moyo mweupe kabisa. Nikaingia katika darasa tulilopewa, na kitu cha kwanza nilichokiona, juu ya dawati la mbele kushoto, kilikuwa kofia ya pama.

Mkaguzi alikuwa amewaambia walimu wa darasa la saba maneno yale yale: asiyekuwa na cheti cha semina angenyang'anywa Historia. Omogaka alikuwa amelifundisha darasa la saba tangu mume wangu akiwa hajaota meno. Kwa hiyo naye alikuja, bila kujua kwamba mimi nimeitwa, kama mimi nisivyojua habari zake. Nani angetuambia, na sisi hatusemezani, na mama mkwe alidhani ni semina mbili?

Nilikaa dawati la mwisho, pembeni, karibu na mlango wa nyuma. Yeye hakugeuka, wala hakuhitaji kugeuka. Nilikuwa nimekohoa, na kikohozi changu alikuwa akikijua. Tangu asubuhi hiyo tulipanga mambo bila kupanga. Yeye aliingilia mlango wa mbele, mimi wa nyuma. Yeye alitazama ubao tu. Wakati wa chakula alikula ugali wake nje chini ya paa la jikoni, nami nikala ndani. Walimu wenzetu, karibu wote Wagusii, walielewa bila kuambiwa, na kila tulipokuwa hatarini kukutana mlangoni, mtu alijitokeza katikati akijifanya amesahau kalamu.

Asiyeelewa alikuwa mwalimu wetu peke yake.

Mwalimu huyo alikuwa Mturuki mwenyewe, mke wa daktari mgeni aliyekuwa akifanya kazi mjini. Kwao alikuwa amefundisha Historia, na nadhani alikuwa amechoka kukaa nyumbani akihesabu mawingu. Kiingereza chake kilikuwa kama chetu, cha kusukuma kwa bega, kwa hiyo alifundisha kwa Kiswahili. Hicho alikuwa amejifunza kwa akina mama wa Kiislamu wa mjini Kisii, wale wa maduka ya nguo. Tulistaajabu na kuona haya kidogo. Mwanamke ametoka huko ng'ambo, na "hiki" na "hizi" zake zinakaa mahali pake, na sisi tuliopigiwa fimbo lugha hiyo hiyo tunasema "hii mambo" na kuendelea na safari.

Siku ya kwanza alitundika ramani na kutuuliza tunajua nini juu ya nchi yake. Mwishowe omogaka alisimama, akavuta koti.

"Mwalimu, sisi Uturuki tunajua kutoka kanisa," alisema. "Wahubiri walitufundisha unabii. Walisema wale nzige wa kutoka kuzimu, wenye mikia ya nge, ndio Waturuki."

Mwanamke yule alijitazama mikono, kisha akageuka kutazama nyuma ya sketi yake. "Mkia sijauona bado," alisema. "Lakini tuko hapa pamoja likizo nzima, baba. Ukiuona, uniambie."

Darasa lilicheka mpaka vumbi likatoka kwenye dari. Omogaka naye alicheka. Mabega yake yalitikisika. Nilikuwa nimeishi katika boma lake miaka kadhaa na sikuwahi kujua kwamba anacheka kwa mabega. Nilijikuta nashukuru nilikuwa nyuma, mahali pa kuona.

Sitasahau yale mafunzo. Alitufundisha juu ya mji wa Istanbul uliokaa juu ya mabara mawili, mtu akaweza kulala Ulaya na kwenda kununua samaki Asia. Alitufundisha juu ya masultani, misikiti, mabafu ya mvuke, na jamhuri iliyokuja baada yao. Alituletea chai, kavu, nyekundu, katika bilauri ndogo za kiuno chembamba. Wakatoliki walikunywa wakakunja nyuso, kwa sababu kwetu chai bila maziwa ni chai ya msiba. Waadventista walikataa kwa adabu. Alipomfikia omogaka na kuambiwa kwamba huyu ana shamba la chai lakini hainywi, aliweka sinia chini akamwomba amsimulie shamba hilo.

Omogaka akamsimulia: majani mawili na chipukizi, wanawake na vikapu mgongoni, matope ya njia ya kituoni. Yule mwalimu alisikiliza, macho yakimjaa maji. Alisema kijiji cha mama yake kiko pwani ya Bahari Nyeusi, milima imesimama wima, mvua haikauki, na kila boma lina kipande chake cha chai. "Nilipopelekwa Ikonge mara ya kwanza," alisema, "nilimwambia mume wangu asimamishe gari. Nilidhani nimerudi nyumbani." Nami huko nyuma nilisikia fahari ambayo sikuwa na haki nayo, maana chai hiyo mimi niliichuma kwa kunung'unika.

Lakini somo la salamu nusura lituvunje.

Alikuwa akieleza kwamba Waturuki, hasa siku ya sikukuu, mdogo huubusu mkono wa mkubwa, kisha huuweka kwenye paji la uso. Akasema mambo ya utamaduni hayajulikani kwa kuandikwa ubaoni, yafanywe. Akatupa macho darasani akitafuta mkubwa na mdogo.

"Baba, wewe ndiwe mkubwa wetu," alimwambia omogaka. "Na wewe binti wa pale nyuma, wewe ndiwe mdogo. Njooni mbele."

Omogaka alibaki ametazama ramani kana kwamba Bahari Nyeusi imeanza kuchemka. Hakuna mtu aliyesogeza hata mguu. Nilijua nikikataa kwa sauti nimesema mbele ya baba mkwe, na nikienda ndio kabisa, afadhali nirudi Birongo na kisanduku changu.

Ndipo akasimama mwalimu mmoja mama, mnene, mwenye nywele nyeupe kichwa kizima, mwalimu mkuu wa shule ya Kikatoliki upande wa Kisii. Dawati lake lilikuwa karibu na langu.

"Mwalimu, mimi ndio mdogo hapa," alisema. "Nywele inadanganya."

Akaenda mbele kwa madaha, akauchukua mkono wa omogaka, akaubusu kwa mlio na kuubandika kwenye paji lake. Watu walipiga meza. Omogaka aliutazama mkono wake kama saa iliyorudishwa kutoka kwa fundi. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, machozi ya kicheko na ya hofu yakishuka pamoja. Namshukuru mama yule mpaka leo.

Baada ya kipindi, mwalimu wetu alinifuata nje. "Mwanangu," aliniambia kwa upole, "naona wewe na mzee yule mmegombana. Sameheaneni. Dunia ni fupi." Ningemweleza nini? Kumweleza mgeni habari za baba mkwe na ensoni, naye mzee yuko hatua chache tu, ni kuivunja ensoni yenyewe. Nikasema, "Asante, Mwalimu," nikaenda zangu.

Siku zilizofuata tulifika kwenye mambo ya ndoa. Alisimulia habari za bibi yake, mzaa mama yake, katika kile kijiji cha chai. Alisema zamani bibi arusi alipoingia bomani kwa mumewe hakuzungumza mbele ya baba mkwe. Alinong'ona, au alionyesha kwa mkono, au alimtuma mtoto. Wengine walikaa hivyo mwaka, wengine miaka. Mpaka siku ambayo baba mkwe mwenyewe alitoa zawadi, dhahabu au mnyama au kipande cha shamba, kumfungua ulimi. Baada ya hapo aliruhusiwa kusema. Bibi yake alipewa mbuzi mwenye mimba, na inasemekana hakuwahi kunyamaza tena.

Alimaliza akatabasamu, akingoja kicheko. Hakikuja. Watu walikuwa wametulia kama waliosikia jina la kijiji chao likitajwa redioni. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na kwa hilo nilijua kwamba wote wananifikiria.

Omogaka alinyosha mkono. "Mwalimu, uliza swali moja," alisema, akimaanisha kwamba yeye ndiye anauliza. "Huyo mzee akishatoa mbuzi, heshima imeisha?"

"Hapana, baba. Kama hakuna heshima, mbuzi wa nini?"

Aliandika jambo hilo polepole, na akakaa.

Kisha ikaja zamu ya masomo ya mwisho. Tulichota vikaratasi kofiani. Mimi nilipata habari za sultani kijana aliyeuzingira mji, akakuta mlango wa bandari umefungwa kwa mnyororo wa chuma. Naye akaamuru meli zikokotwe nchi kavu, juu ya mlima, kwa magogo yaliyopakwa mafuta, zikateremshwa ndani ya bandari upande wa pili wa mnyororo. Hilo ndilo somo lililokuwa tamu kuliko yote. Na ndilo omogaka alilolipenda zaidi, hata siku lilipofundishwa alijisahau kabisa na kusema kwa sauti, "Ng'ombe wangapi wa kukokota?"

Sheria ilikuwa moja, na mkaguzi mwenyewe alikuja kuirudia: washiriki wote wawe ndani kila somo. Anayetoka hana cheti. Kwa hiyo omogaka hangeweza kutoka mimi nikifundisha, na mimi singeweza kusimama mbele yake nikamwonyesha kijiti na kumwambia sikiliza hapa. Nikisimama, ukoo mzima ungesema nimemvua nguo baba mkwe. Nisiposimama, darasa la harambee limekwenda.

Nililifikiria jioni nzima, nimekaa kitandani bwenini. Nilikasirika, sitaficha. Niliikasirikia ensoni, mkaguzi, Waturuki na meli zao. Halafu nilimkumbuka omogaka akianua wimbi kwa ajili ya maneno niliyowaambia kuku, na hasira ikakosa mahali pa kukaa. Mtu huyu hakuwahi kunikosea. Nikamwambia yule mama wa nywele nyeupe aende amwambie mwalimu kwamba mimi naumwa, sitafundisha.

Mwalimu hakutuma mtu, alikuja mwenyewe. Alinishika shingo akaona haina joto. Basi nikamweleza yote, kwa kuwa sasa nilikuwa bwenini na hapakuwa na wa kusikia ila yule mama aliyekuja naye. Alikaa chini kwenye kitanda cha pili, akafunika mdomo kwa mkono.

"Nami nilikuita ukambusu mkono," alisema.

"Ulituita, ndiyo."

"Na nikakwambia msameheane." Alitikisa kichwa. "Mbona mlininyamazia?"

Yule mama wa nywele nyeupe ndiye aliyemjibu: "Mwalimu, hiyo kunyamaza ndio hiyo kitu yenyewe."

Alisema sheria ya mkaguzi hana uwezo wa kuibadilisha. Aliniomba kitu kimoja tu, nije darasani asubuhi hata kama sitasema neno. Baadaye nilijua kwamba yule mama, alipotoka bwenini, alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa ndugu ya omogaka pale chini ya kilima, alikokuwa akilala mzee siku za semina. Walizungumza nini, hakuniambia. Nilipomuuliza alisema walikuwa wakizungumza habari za mifugo.

Asubuhi ile mkaguzi alikaa nyuma na miwani yake. Jina langu liliitwa. Niliinuka kwa sababu miguu iliinuka, nikabaki pale pale karibu na mlango wa nyuma, kijiti cha ramani mkononi.

Omogaka akasimama kabla sijapiga hatua. Alivua kofia. Hakunigeukia, alizungumza na ramani.

"Mwalimu," alisema, "tumesoma desturi ya kwenu, na mimi nimeifikiria. Kwangu kuna mtamba mmoja mwekundu, hajazaa bado. Mama wa boma anamjua, ndugu yangu ni shahidi. Kuanzia leo huyo mtamba si wangu. Ni wa mke wa mtoto yangu. Nyumbani mambo ni ile ile ya wazee wetu. Lakini mahali iko ubao na chaki, huyu ni mwalimu. Aseme."

Kisha alifanya jambo ambalo naliona mpaka leo nikifumba macho. Alikishika kiti chake, akakigeuza kikatazama dirishani, mgongo kwetu sote. Akakaa, akaweka daftari juu ya goti, akalamba ncha ya kalamu kama mtoto anayengoja imla.

Mkono mtupu haulambwi, husema Waswahili. Lakini mimi sikuwa nimemwomba mzee huyu kitu, na yeye alikuwa ametoa mali yake, tena hadharani, mbele ya watu wa ukoo wake na wa kanisa lake, ili mtu mwingine aseme. Nilipita katikati ya madawati mpaka mbele. Sauti yangu ya kwanza ilikuwa ya panya. Ya pili ilikuwa yangu.

Nikafundisha. Nilichora bandari, nikachora mnyororo, nikauleta ule mlima mpaka wakauona. Nilipofika mahali ambapo meli zinafika chini ya mlima na sultani anatazama juu, nilinyamaza kidogo, kama anavyofanya mwalimu anayejua kwamba darasa ni lake. Hapo ukainuka mkono. Ulikuwa mkono wa omogaka, umenyooka juu ya ule mgongo uliogeuzwa, kidole kimoja mbele.

Nilikuwa sijawahi kumwita kwa neno lolote katika maisha yangu. "Ndiyo, mwalimu," nikasema.

"Meli ilipanda mlima namna gani?" aliuliza dirisha.

Alijua jibu. Alikuwa amelijua kuliko sisi sote, pengine na idadi ya ng'ombe. Alinipa swali kama unavyompa mtoto tunda lililokwisha kumenywa, ili mkaguzi asikie nikijibu. Nami nilijibu, nikaeleza magogo, mafuta, kamba na matanga, na mgongo wake ukawa unaitikia kwa kichwa.

Nilipata ruhusa. Naye alipata cheti, akakitundika sebuleni karibu na kalenda ya kanisa.

Nyumbani haikupita bila maneno. Wazee wa ukoo walimwita wakamuuliza tangu lini Omogusii akaazima desturi kwa nzige wa kuzimu. Walidai mbuzi wa kusafisha jambo lile. Alimtoa bila ubishi. Mama mkwe aliniambia kwamba mzee mmoja alipomkejeli kuwa sasa mke wa mwanawe atamtuma maji, alijibu, "Akinituma maji darasani nitaleta. Nyumbani hawezi, anajua." Na ndivyo ilivyokuwa. Nilirudi kwa kuku wangu. Tuliishi kama zamani, ukuta mahali pake, na sikutaka uondolewe. Heshima si utumwa. Niliuona ukuta ule una dirisha.

Mtamba watoto walimwita Istanbul. Wageni walishangaa kusikia mtoto wa Ikonge akipiga kelele, "Istanbul ameingia kwa mahindi!" Alizaa, akazaa tena, na maziwa ya kwanza ya kila siku nilimpelekea mama mkwe ayagandishe katika kibuyu, kwa sababu omogaka, kwa kuwa hakunywa chai, alipenda maziwa ya mgando. Ndiyo shukrani niliyoweza kuitoa. Lakini shukrani ya maziwa haikunitosha mtu kama mimi, mtu wa maneno. Neno lenyewe nilikuwa nalo kifuani, na sikuwa na njia ya kumfikishia bila kuuvunja ukuta alioulinda kwa mbuzi.

Mwalimu wetu Mturuki aliondoka na mumewe muda si mrefu baadaye. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilimwambia tulipoagana, na alinikumbatia akasema, "Umpe mzee salamu zangu. Mwambie nimeutafuta mkia, haupo." Salamu hizo niliwapa kuku. Mabega yalitikisika ng'ambo ya ua.

Omogaka alistaafu miaka ya sabini ikielekea mwisho. Aliendelea kuchuma chai, na njia ya kwenda kituoni ilipita kando ya shule yetu ya harambee. Niligundua kwamba siku nyingine, akitoka kupima chai, hupumzika kwenye kibaraza cha darasa langu, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Sikumwona. Niliiona kofia ya pama tu, juu kidogo ya kizingiti cha dirisha. Wanafunzi walidhani mzee amechoka.

Siku moja nilikuwa nikifundisha habari za zile meli. Nilifika chini ya mlima, nikanyamaza, nikauliza darasa ni nani anaweza kutuambia meli zilipandaje. Hakuna aliyejua. Walitazama madawati yao.

Nje, kando ya ile kofia, ukainuka mkono. Ulikuwa umezeeka, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, kidole kimoja mbele.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. Na kwa kuwa palikuwa na ubao, na chaki ilikuwa mkononi mwangu, nikaongeza: "Asante sana."

Darasa lilidhani namshukuru kwa kuinua mkono.